Jeshi linamsomesha mume wangu, na kila mtu wa kodi ana lake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mtanzania, naishi na mume wangu nje kidogo ya Dallas, Texas. Mtoto bado hatujajaliwa. Mimi natunza wazee kwenye nyumba ya wazee, mara nyingi zamu za usiku. Mume wangu yuko kwenye jeshi la akiba la Marekani. Aliwahi kuitwa akapelekwa nje ya nchi kwa miezi kumi, na aliporudi mwaka 2023 akaambiwa ana haki ya kusomeshwa kwa GI Bill, mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, lakini kwa asilimia 60 tu kwa sababu siku zake za utumishi hazijatosha kupewa yote. Januari 2024 akaanza chuo kikuu cha serikali hapa hapa, anachukua shahada ya kompyuta, muda wote. Ndiyo shahada yake ya kwanza, kwani nyumbani aliishia kidato cha sita.

Mwaka 2024 ada ilikuwa dola 7,500. Idara ya Maveterani, VA, ililipa chuo moja kwa moja dola 4,500. Zile 3,000 zilizobaki tulihangaika nazo wenyewe, nyingine mkopo wa mwanafunzi, nyingine mshahara wangu. Mbali na ada, VA inamwekea benki posho ya nyumba, na jumla yake mwaka ule ilifika dola 10,800. Kuna na posho ya vitabu, dola 600. Mishahara yetu sote wawili, pamoja na ile ya mazoezi yake ya wikiendi jeshini, ilikuwa dola 47,000.

Sasa Shangazi, ritani yetu ya kodi ya 2024, yaani fomu ya kodi ya mwaka, tulijaziwa na mzee mmoja ambaye Watanzania wengi hapa wanamwendea. Alisema posho ya nyumba ni pesa iliyoingia mfukoni, kwa hiyo ni kipato, akaiandika yote. Nilipomuuliza kuhusu krediti ya masomo, ile nafuu ya kodi kwa wanaosoma, akasema mtu anayesomeshwa na serikali hana haki nayo. Tukaishia kudaiwa, ikabidi nikope kwa dada yangu.

Mwaka huu rafiki wa kazini amenielekeza kwa mtu mwingine. Huyu ameshika fomu 1098-T ya chuo ya mwaka 2025, akaangalia namba moja tu, dola 7,800, akasema, “Hapa dada, 2,500 yako ipo, usiwe na wasiwasi.” Nikamwonyesha kisanduku kingine chenye 7,080, akasema hicho hakituhusu. Anataka asilimia 15 ya rifandi, yaani pesa tutakayorudishiwa, na amesema ritani itatoka kwa jina letu tu, yeye hasaini. Mwaka 2025 VA ililipa chuo 4,680, na mume wangu alipata pia Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, dola 2,400. Mishahara yetu ilikuwa 49,000.

Mume wangu anasema tuachane na mambo ya mwaka jana. Anaogopa tukifukua ritani ya zamani serikali itamwandama na jina lake litaharibika jeshini. Mimi roho inaniuma, maana pesa ile niliikopa.

La mwisho: mimi nataka kusoma unesi. Je, anaweza kunipa miezi yake ya GI Bill inayobaki, au nisubiri kwanza amalize?

Ni mimi mwanao,
Mke wa Mwanafunzi, Texas

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako na hesabu nimeipiga mwenyewe, namba kwa namba. Yule mzee wa kwanza amewanyima haki yenu. Huyu wa pili anataka kuwapa isiyo yenu. Haki yenyewe iko katikati, na kwa bahati nzuri ni kubwa kuliko mlivyodhani.

Tuanze na posho ya nyumba, kwa sababu ndiyo iliyokufanya ukope kwa dada yako. Posho ile si kipato cha kutozwa kodi. Wala si ya kuandikwa kwenye ritani halafu ikaondolewa mbele ya safari, haiandikwi kabisa. Sheria za Marekani, kitabu cha 38, kifungu cha 5301, zinasema malipo yanayotolewa chini ya sheria zinazosimamiwa na VA hayatozwi kodi. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, nayo inarudia hivyo kila mwaka kwenye chapisho lake namba 970, lile la faida za kodi kwa wanaosoma: pesa ya VA kwa ajili ya elimu, mafunzo au kujikimu, usiiweke kwenye kipato. Hiyo ni ada, posho ya nyumba na posho ya vitabu. Ndiyo maana VA haijawahi kumtumia mumeo fomu za kipato, W-2 wala 1099, kwa pesa hizo. Yule mzee angejiuliza namba ile ameitoa kwenye fomu gani, angegundua hakuna.

Ritani ilivyojazwa, mlihesabiwa kipato cha dola 57,800. Toa punguzo la kawaida la wanandoa wanaojaza pamoja, ambalo kwa 2024 lilikuwa 29,200, na kodi inakuja karibu dola 2,970. Bila posho, kipato ni 47,000 na kodi ni karibu 1,780. Kwa hiyo kosa hilo peke yake limewagharimu kama dola 1,190.

Halafu kuna krediti ya masomo ambayo hamkudai kabisa. Hapa naomba utulie na mimi, kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapopotezwa, wengine kwa kunyimwa na wengine kwa kuongezewa.

Krediti kubwa inaitwa American Opportunity. Inatolewa kwa mwanafunzi aliye kwenye miaka minne ya kwanza ya elimu ya juu, anayesomea shahada au cheti kinachotambuliwa, na aliyesoma angalau nusu ya muda kwa walau muhula mmoja ulioanza mwaka huo. Inalipa dola 2,000 za kwanza mlizotumia kwa ukamilifu, kisha robo ya dola 2,000 zinazofuata. Ndiyo maana kilele chake ni 2,500. Asilimia 60 yake inafuta kodi mnayodaiwa, na asilimia 40, isiyozidi dola 1,000, mnapewa mkononi hata kama kodi imeshafutika yote. Kwa wanandoa haianzi kupungua mpaka kipato kipite dola 160,000, kwa hiyo hilo haliwagusi. Linalowagusa ni kwamba wanandoa wanaojaza ritani mbalimbali hawaipati, hivyo mtu asije akawashauri mtengane kwenye karatasi.

Kwa anayesomeshwa na GI Bill, swali ni moja tu: pesa hii ililazimika kwenda wapi? Ile ambayo sheria imeifunga kwenye ada, unaitoa kwenye ada kabla ya kudai krediti, kwa sababu huwezi kupewa nafuu kwa gharama ambayo serikali hiyo hiyo imekulipia. Ile uliyopewa mkononi bila kufungwa huitoi popote. IRS yenyewe imeweka mfano kwenye lile chapisho la 970, wa mwanafunzi mwenye ada ya dola 5,000, VA ikamlipia chuoni 3,840, na kila mwezi akawekewa posho ya nyumba benki. Wanasema: toa 3,840, posho ya nyumba usiiguse. Huyo mwanafunzi anabaki na dola 1,160 za kudai, hata kama mwaka mzima amepokea posho inayozidi ada yake mara kadhaa.

Ya kwenu ya 2024 ni hivyo hivyo. Ada 7,500, toa 4,500 za VA, zinabaki 3,000. Kwamba sehemu yake ilikuwa mkopo haidhuru kitu. Mkopo ni pesa yenu, mtaulipa nyinyi, na unahesabika mwaka ule ulipolipia ada, sio mwaka mtakaoanza kuurejesha. Dola 2,000 za kwanza zinakupa 2,000, na 1,000 inayofuata inakupa 250. Krediti ni dola 2,250. Kati ya hizo, 1,350 zinafuta kodi na 900 mnapewa. Ukijumlisha na ile kodi ya posho, mnaidai serikali karibu dola 3,440 kwa mwaka 2024.

Soma tena namba hiyo, mwanangu, kisha mwonyeshe mumeo.

Mwambie pia kwamba kurekebisha ritani si kukiri uhalifu. Kuna fomu maalumu kwa kazi hiyo, 1040-X, na ipo kwa sababu watu hukosea kila mwaka. Mnaambatanisha fomu 8863 ya krediti za masomo, na kwenye nafasi ya maelezo mnaandika kwa ufupi: posho ya nyumba ya VA iliingizwa kama kipato kimakosa, na krediti ya masomo haikudaiwa. Sentensi mbili zinatosha. Barua inayomletea mtu matatizo ni ile ya kuulizwa kwa nini alidai zaidi ya haki yake. Ninyi mnakwenda na karatasi zinazoonyesha mlilipa zaidi. Mna miaka mitatu tangu siku ya kujaza, na aliyejaza mapema anahesabiwa amejaza siku ya mwisho, kwa hiyo mlango huu uko wazi hadi katikati ya Aprili 2028. Msisubiri kote huko. Majibu huchukua wiki 8 hadi 12, wakati mwingine 16. IRS inaongeza na riba juu ya pesa iliyokaa nayo, na riba hiyo ndiyo mtakayoiandika kama kipato mwaka mtakaoipokea.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, hivyo kazi yenu inaishia hapo. Wasomaji wetu wa Minnesota, Massachusetts na kwingine watalazimika kurekebisha na ya jimbo pia.

Sasa tuje kwa bwana wa asilimia 15.

Fomu 1098-T ina visanduku viwili vya kuangaliwa pamoja. Kisanduku cha 1 ni malipo yote ambayo chuo kimepokea kwa ajili ya ada, yaliyotoka popote pale. Kisanduku cha 5 ni ufadhili, na pesa ya VA iliyopitia chuoni imo humo. Kwenu cha 5 kinasoma 7,080, yaani 4,680 za VA na 2,400 za Pell. IRS ina nakala ya fomu hiyo hiyo. Ukidai kana kwamba mlilipa 7,800 kutoka mfukoni, namba inayowakanusha wanayo tayari.

Matokeo yake ni mazito kuliko kurudisha pesa. Kuna adhabu ya asilimia 20 ya kodi iliyopunjwa, na riba. Mbaya zaidi kwa mwanafunzi ni kufungiwa: IRS ikiona krediti hii ilidaiwa kwa kupuuza kanuni bila kujali au makusudi, mnafungiwa kuidai miaka miwili; ikiona ni udanganyifu, miaka kumi. Mumeo anaruhusiwa kuidai kwa miaka minne tu ya kodi. Wa 2024 ni wa kwanza, wa 2025 ni wa pili. Akifungiwa miaka miwili, ile miwili iliyobaki ya masomo yake ndiyo inayokwenda. Huyo bwana atakuwa ameshachukua asilimia 15 yake na simu hapokei.

Na kutosaini kwake kunatosha kumwacha leo hii. Kila anayelipwa kujaza ritani ya mtu analazimika kuisaini na kuandika namba yake ya PTIN aliyopewa na IRS. Kwa krediti hii tena anatakiwa ajaze fomu 8867, akithibitisha kwamba amekuuliza maswali na kuangalia vielelezo. Anayekataa kusaini anataka siku ya maswali uwe peke yako.

Lakini usifikiri kwamba mwaka 2025 hamna kitu. Ukitazama fomu harakaharaka, 7,800 toa 7,080, utaona zimebaki 720, na wengi wangedai krediti ya dola 720 wakaridhika. Pell Grant, hata hivyo, si kama ada ya GI Bill. Pell inaruhusiwa kutumika kwa ada na inaruhusiwa kutumika kwa chakula na pango. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuchagua, wakati wa kujaza ritani, kwamba Pell yake ilikwenda kwenye kujikimu, hata kama chuo kiliipokea na kuikata kwenye ada. Akichagua hivyo, Pell hiyo inakuwa kipato cha kutozwa kodi, lakini ada aliyoilipa inarudi kuwa yake. IRS inalieleza jambo hili wazi, na sielewi kwa nini wanaojaza kodi wengi hawawaambii wanafunzi.

Tazama linavyowafaa. Ada 7,800, toa 4,680 za VA, ambazo hamna uchaguzi nazo kwa kuwa zimefungwa. Zinabaki 3,120. Krediti yake ni 2,000 na robo ya 1,120, yaani 280, jumla 2,280. Kwa upande mwingine mnaongeza dola 2,400 za Pell kwenye kipato. Mishahara yenu ni 49,000, punguzo la kawaida la 2025 kwa wanandoa ni 31,500, hivyo hata mkiongeza Pell bado mko kwenye ngazi ya chini ya asilimia 10. Kodi yake ni dola 240. Mkiacha Pell kwenye ada mnapata 720. Mkiihamishia kwenye kujikimu mnapata 2,280 na kulipa 240, yaani mnabaki na 2,040. Tofauti ni dola 1,320, na kila senti yake ni halali, yenye karatasi nyuma yake. Yule bwana angewapa 2,500 ya uongo, akate na ujira wake, na muishi na hofu. Hesabu ya haki inamkaribia, bila hatari yoyote.

Vitabu pia msivisahau. Kwa American Opportunity, vitabu na vifaa vinavyotakiwa darasani vinahesabika hata mkivinunua dukani au kwa mwanafunzi mwingine, mradi risiti ipo. Ile posho ya vitabu ya dola 600 ilitolewa kwa jina hilo, kwa hiyo ushauri wangu ni muitoe kwanza kisha mhesabu kilichozidi. Kwenu kila dola 100 ya vitabu inayozidi posho inaongeza krediti dola 25. Kompyuta ya mkononi inaingia ikiwa inahitajika ili ahudhurie masomo, na kwa anayesomea kompyuta haitakuwa vigumu kupata mtaala wa somo unaosema hivyo. Uchapeni muuweke. Pango, chakula, mafuta ya gari na bima haviingii.

Kabla hamjajaza chochote, mumeo aingie kwenye akaunti yake ya chuo apakue taarifa nzima ya malipo, muhula kwa muhula. Usitegemee 1098-T peke yake. VA mara nyingi hulipa chuo wiki kadhaa baada ya muhula kuanza, na ada ya muhula wa Januari huweza kutozwa Desemba, kwa hiyo malipo ya muhula mmoja yanaweza kuangukia mwaka mmoja na ufadhili wake mwaka mwingine. Kwenye taarifa ile utaona mstari wa ada, tarehe yake, mstari wa VA na tarehe yake, mstari wa Pell, mstari wa mkopo, na malipo ya kadi yako. Weka alama kwenye kila dola ya VA, na uiandike mbele ya muhula ilioulipia. Karatasi hiyo ndiyo mtakayomwekea mtu wa kodi mezani, na ndiyo mtakayoituma IRS wakiuliza.

Kuhusu nani awajazie, msilipe mtu kama hamna haja. Mumeo yuko jeshi la akiba, kwa hiyo anaruhusiwa kutumia MilTax, huduma ya bure ya Wizara ya Ulinzi kupitia Military OneSource, yenye programu ya kujazia na washauri wa simu wanaojua mambo ya wanajeshi. Kuna na vituo vya VITA, ambako watu waliofuzu mtihani wa IRS wanajaza bure kwa wenye kipato cha chini na cha kati. Vipo kwenye maktaba nyingi na vituo vya jamii kuanzia mwisho wa Januari.

Niwageukie kidogo wasomaji wengine, maana barua za namna hii zimeongezeka. Tangu mwaka 2009, jeshi la Marekani lilipofungua mpango wa MAVNI kwa wageni wenye lugha lilizozihitaji, Kiswahili kikiwemo, vijana wetu wengi wamevaa magwanda, na wengine wameingia baadaye kwa kadi zao za kijani. Wengi wamefikisha miezi 36 ya utumishi na wanalipiwa asilimia 100 kwenye vyuo vya serikali. Kama ni wewe, na VA imelipa ada yote, basi ada haikupi krediti hata senti; kilichobaki kwako ni vitabu vilivyozidi posho. Anayekuahidi 2,500 mkimbie. Mwenye watoto naye asikubali posho ya nyumba iongezwe kwenye mshahara ili krediti ya wafanyakazi wenye kipato kidogo iwe kubwa. Posho ile si pesa ya kazi, haiingii humo. Na aliyemaliza miaka yake minne, au anayesoma shahada ya pili, ana krediti nyingine, Lifetime Learning, asilimia 20 ya gharama hadi dola 10,000. Hiyo hufuta kodi tu, hairudishi pesa mkononi, lakini kanuni ya kutoa kilicholipwa na VA ni ile ile.

Sasa swali lako mwenyewe, ambalo uliliweka mwisho kana kwamba ni dogo.

Miezi ya GI Bill inaweza kuhamishiwa kwa mke au watoto, si kwa ndugu wala wazazi. Mwanajeshi anatakiwa awe amefikisha miaka sita ya utumishi, akubali kutumikia mingine minne, na aombe akiwa bado jeshini. Akishatoka, haombi tena. Hukuniambia ana miaka mingapi, ila hata akiwa ametimiza, tazama hesabu: haki yote ni miezi 36. Mwaka mmoja wa chuo wa mihula miwili hula kama miezi tisa. Shahada yake ya miaka minne inakula 36. Ameshatumia karibu 18, na iliyobaki ni ya kumfikisha kwenye shahada. Kila mwezi utakaouchukua wewe, yeye atakosa ada na posho ya nyumba mwezi huo mwaka wa mwisho. Kwa hiyo hakuna cha kukuhamishia, na hakuna cha kusubiri.

Na wewe unayo njia yako. Krediti ya American Opportunity ni ya kila mwanafunzi, si ya kila nyumba. Mkijaza pamoja mnaweza kudai mbili. Tuseme umeanza unesi kwenye chuo cha jamii kwa ada ya dola 2,400 kwa mwaka. Krediti yako kwenye karatasi ni 2,100. Kwa kipato chenu haitaingia yote, kwa sababu ile asilimia 60 inakoma pale kodi yenu inapofika sifuri, na ya mumeo inakuwa imeshakula sehemu kubwa ya kodi hiyo. Nikitumia namba zenu za 2025, kwako kungeingia kama dola 1,460. Mwaka wa masomo ungebaki umekugharimu chini ya dola 1,000, kabla hata ya kuhesabu Pell yako mwenyewe, ambayo kwa mishahara yenu una haja ya kuiomba. Posho za VA za mumeo hazitakuharibia hapo, kwani msaada wa elimu wa maveterani hauhesabiwi kama kipato kwenye FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo.

Jaza FAFSA yako mwezi huu, kwa jina lako. Nenda ofisi ya udahili na cheti chako cha kidato cha nne au cha sita kilichotathminiwa, uulize tarehe ya mwisho ya maombi ya unesi kwa Agosti, kwa sababu nafasi za unesi hujaa mapema. Na zile 3,440 zikiingia, mlipe kwanza dada yako.

Msalimie mumeo.

Shangazi